Kopo la Mzazi

Nilivua sanamu koti mbele ya kundi zima la wageni, na hilo silijutii. Ninalojutia liko nyuma ya siku hiyo, nitalifikia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Wapanda milima walikuwa wamefika kutoka Dodoma mjini, wafanyakazi wa wizara za Mtumba, viatu vipya, fimbo zile za kukunja, kofia zenye kamba. Walitakiwa wanywe chai, waone kinu cha maji, halafu waanze kupanda kwenda kwenye michoro ya mapangoni. Mimi nilikuwa mapokezi, kwenye loji ya hicho kinu. Mwanangu Zawadi, miaka mitano, hakuwa na mtu wa kubaki naye, nikaja naye kazini nikamwambia akae kwenye kiti na asiguse kitu.

Hakukaa. Aliongozana na wageni mpaka chumba cha jiwe, kule ambako gurudumu la nje linazungusha jiwe la kusagia ndani, akamkuta Fundi, mzee wa kinu, amesimama. Koti lake lile la kaki lililogeuka jeupe kwa unga. Kofia yake ya sufu. Mkono juu ya jiwe. Zawadi akakunja magoti kidogo, kama nilivyomfundisha.

"Shikamoo, babu."

Kimya.

"Shikamoo, babu!"

Kimya. Akaamkia mara ya tatu, sauti imeshaanza kukatika.

Fundi hakuitika kwa sababu hakuwa Fundi. Ilikuwa sanamu ya dukani, zile za kuonyeshea nguo. Meneja wa loji aliileta wiki ile akaivalisha, wageni wapate kitu cha kupiga nacho picha. Wageni wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, najua, mtoto anachekesha. Lakini Zawadi alinigeukia akasema, "Mama, babu amenikasirikia." Na dada mmoja, mwenye miwani ya jua juu ya nywele, akainua simu: "Jamani mwambieni arudie, nilikuwa sijarekodi."

Nikapita katikati yao. Nilianza na kofia, nikaja kwenye vifungo, kimoja kimoja. Sanamu ikabaki na kifua cheupe cha plastiki na shimo la mkono mmoja uliokuwa umeng'oka nilipovuta.

Meneja akaja mbio. "Dada, vipi tena? Hiyo ni mali ya loji."

"Hili koti ni la mtu," nikamwambia. "Lina mwenyewe."

"Aliliacha."

"Aliliacha kwa sababu mlimfukuza." Neno lililotakiwa pale si *mlimfukuza*. Lilikuwa *tulimfukuza*.

*

Sijui Fundi alizaliwa wapi hasa, na sikuwahi kuuliza. Alitoka upande wa Chemba, Msandawe, ile lugha yao yenye milio ya ulimi inayoalika mdomoni. Nilipopata akili nilimkuta kinuni, na mama yangu alipopata akili alimkuta kinuni. Wote tulimwita Fundi. Kinu chenyewe kilijengwa na wamisionari huko nyuma, chini ya chemchemi, mahali ambapo maji hayakauki hata mwezi wa kumi wakati vilima vyote vya Kondoa vimegeuka rangi ya chungu.

Alikuwa na mdomo mbaya. Hilo niliseme mapema, nisije nikamfanya malaika kwa sababu nimemkosea. Unafika na gunia kichwani, shingo inauma, unamwamkia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja na mtama au umekuja na mchanga?"

"Mtama, Fundi."

Anatumbukiza mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, anautoa, anausikiliza. Ndiyo, anausikiliza, anasugua punje karibu na sikio. "Huu nani kapepeta? Wewe? Ulikuwa unapepeta huku unaangalia simu. Rudi pale, pepeta upya. Jiwe langu halili kokoto."

Niliwahi kulia kwa ajili ya maneno yake. Nilikuwa kidato cha pili, najiona msomi, nikamjibu kwamba mashine ya dizeli kule barabarani haina masharti. Akaniambia, "Nenda basi. Ukifika nyumbani onja ugali wako, kama hauna ladha ya gari nitakunywa mafuta ya taa hapa mbele yako." Nikaenda. Nikaonja. Ulikuwa na ladha ya gari. Sikumwambia, lakini wiki iliyofuata niliporudi kinuni alinitazama akasema, "Karibu, dereva." Akaniita dereva mpaka namaliza shule.

Na mchoyo wa vitu! Nyundo yake ya kuchongea jiwe hakumwazima mtu, hata mwenyekiti wa kijiji alipotaka kugongea msumari mmoja. Kiberiti chake alikitia mfukoni akafunga kifungo. Watu walisema Fundi akifa atazikwa amekumbatia njiti zake.

Hapo hapo huyo mtu mkali alikuwa anaogopa vyura. Maisha yake yote kwenye mfereji wa maji, na akimwona chura anapanda juu ya gunia. "We binti! We! Njoo umtoe huyu mwenzako!" Tulikuwa tunawaweka makusudi pale kwenye lango la maji, analolifungua asubuhi. Anapiga kelele za Kisandawe ambazo hakuna aliyezielewa, na sisi tunacheka mpaka ndoo zinamwagika. Baadaye ukimtania anasema haogopi, ila chura ana macho ya mwalimu wake wa dini.

Alikuwa mwongo pia, uongo wa kufurahisha. Alidai aliwahi kusimamisha gurudumu kwa mgongo siku mti ulipoanguka mferejini. Mara ilikuwa mgongo, mara bega, mara alikuwa peke yake, mara na punda. Ukimkumbusha kwamba mwaka jana hakukuwa na punda, anasema, "Punda alikuwepo, ila hakusaidia, ndiyo maana nilikuwa simtaji."

Lakini kazi aliijua. Mgongo wa mikono yake ulikuwa na vidoa vyeusi chini ya ngozi, kama mtu aliyechanjwa, vipande vya chuma vilivyoruka kutoka kwenye nyundo alipokuwa akichonga mifereji ya jiwe. Kila jiwe linapoisha makali anayatenganisha yale mawe mawili kwa roda na kamba, anakaa siku mbili anagonga, tik, tik, tik, na ukimsemesha hajibu. Likianza kusaga anasimama na kidole gumba kwenye mdomo wa unga, anausugua, anafunga maji kidogo, anafungua kidogo. "Usinisemeshe, linasema," ndivyo alivyokuwa akitunyamazisha. Unga wa uwele uliotoka pale ulikuwa laini, tena wa baridi. Mashine ya dizeli inatoa unga wa moto. Wa Fundi ulikuwa wa baridi kama mkono wa mtu aliyetoka kunawa.

*

Sasa kopo.

Nyuma ya kinu, upande ambao wanawake wanashuka kuchota maji, kulikuwa na ukingo wa mawe, na juu yake kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo, limefunikwa kibao. Kila gunia lililosagwa, kabla hujafunga, Fundi alichota konzi moja, unga wa kujaza kiganja, akatia kwenye ndoo yake ya pembeni. Jioni alimimina kwenye lile kopo. Konzi hiyo hakuombi, na wewe hukumpa; alichukua tu, na hata wale wenye mdomo mrefu hawakusema neno.

Lile lilikuwa kopo la mzazi. Mwanamke aliyejifungua na ndani hamna kitu, ambaye mume hayupo, au yupo lakini ni kama hayupo, alikuwa anashuka na ndoo yake ya maji na bakuli ndani ya ndoo. Akifika pale anachota unga wa uji. Haombi. Hasemi asante. Na kubwa kuliko yote, hakuna anayemwona. Ukiwa unachota maji na mwenzako amefika kwenye kopo, unatazama maji. Fundi akiwa mlangoni anageuka, anakupa mgongo, anajifanya ana kazi na ukuta. Halafu kabla hajageuka tena anakohoa mara mbili, kukupa nafasi ya kurudisha kibao. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu, na sikumbuki mtu kunifundisha. Tulikua tukijua kutokuona.

Nilipojifungua Zawadi mama yangu alikuwa ameshafariki. Baba yake Zawadi alikwenda Mtumba kubeba zege wakati majengo ya wizara yananyanyuka, akasema akifika atapiga simu. Majengo yameisha, watu wameingia na viti vyao vya kuzunguka, simu sijaiona. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne ukutani na maziwa hayatoki.

Siku ya kwanza nilishuka mara tatu nikarudi na maji matupu. Aibu. Mimi dereva, mimi niliyemjibu kuhusu dizeli. Mara ya nne Fundi alikuwa mlangoni anachokoa meno. Alinitazama, akatazama mgongoni, akatazama ndoo. Nikasubiri atukane. Akageuka. Akaanza kukwaruza ukuta kwa ukucha kama anayetafuta kitu kilichomo ndani ya tofali.

Nilichota. Nilichota kwa miezi mitano. Mara zote alinipa mgongo, mara zote alikohoa mara mbili. Na nikikutana naye barabarani: "Shikamoo, Fundi." "Marahaba, dereva. Hako katoto kanalia sana, kana sauti ya mkokoteni." Basi. Habari za unga, hata siku moja.

*

Loji ilikuja Zawadi akiwa na miaka miwili. Kinu kilikuwa kimeanza kuchoka, vijana wote wanasagisha barabarani, paa linavuja. Kijiji kikakodisha jengo lote kwa kampuni ya kutembeza watalii. Wakaezeka upya, wakaweka vitanda ghala la juu, bafu la maji moto, jiko, na mabango. Sitasema ni watu wabaya. Walitupa kazi. Mimi niliingia jikoni. Fundi walimbakiza, asage Jumamosi na Jumapili wageni wakitazama, na unga ule tukaupika, na mwingine ukatiwa kwenye vifuko vya kitambaa vya kuuzia wageni.

Alifurahia, usifikiri aliteseka. Alipenda kutazamwa. Hadithi ya gurudumu ikapata punda wawili. Wageni walipotaka aongee Kisandawe wamrekodi, alikataa wiki mbili, halafu siku moja akakubali, akasimama wima, akaongea maneno marefu yenye milio mingi ya ulimi huku amenyoosha mkono kuelekea mlimani. Wakapiga makofi, mmoja akafuta machozi. Nilimfuata nje nikamuuliza amesema nini. "Nimewaambia mmoja wao ana tundu kwenye suruali, nyuma, na mwenye kumpenda amwambie kabla hajaanza kupanda."

Kopo lilibaki pale pale. Konzi ikaendelea kwenda. Ila sasa mtama haukuwa wa kijiji, ulikuwa wa loji, na hapo ndipo hatukufikiria. Kwetu sisi konzi ni ya kinu. Nani analeta gunia, hilo halikuhusu.

Meneja wa kwanza hakujali. Huyu wa pili, kijana mpole, shati limepigwa pasi, kila kitu anataka kiandikwe, aliona unga unapungua. Akauliza jikoni, kwa adabu: "Jamani, kuna mtu anajua unga unakwenda wapi?"

Tulikuwa wanawake wanne jikoni. Watatu tuliwahi kuchota. Mmoja, wakati huo huo, alikuwa na kichanga cha wiki sita mgongoni. Tukatazama sufuria.

Akaenda nyuma, akamwona Fundi anamimina kwenye kopo. Akarudi kwangu. "Dada, wewe umesoma, una mwandiko mzuri. Niandikie tu ulichokiona. Si kwa ubaya, ni kwa ajili ya faili."

Nafasi ya mapokezi ilikuwa wazi mwezi ule. Hakuna aliyeniambia kwamba nitapewa nikiandika. Ningependa kusema niliahidiwa, nigawane aibu na mtu. Hapana. Nilijiahidi mwenyewe.

Nikaandika. Maneno nayakumbuka yote, niliyapanga vizuri kama insha: *Mimi mfanyakazi wa jikoni nimeshuhudia mara kadhaa fundi wa kinu akichukua unga wa loji na kuuhifadhi nje ya jengo kwa matumizi yasiyojulikana.*

Matumizi yasiyojulikana! Mkono huu huu. Huku mwanangu anachezea mfuniko wa kalamu, meno ya mbele yameota kwa unga ule.

*

Kwa kuwa jengo ni la kijiji, ilibidi jambo lisomwe kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alisoma karatasi yangu mbele ya ofisi, kwa sauti ya taarifa ya habari. Fundi alikuwa amesimama, kofia mkononi, nyundo ndani ya mfuko wa koti inavuta koti upande mmoja.

"Fundi, unga huu ulikuwa unampelekea nani?"

Nilitazama wanawake. Tulikuwa wengi pale, na wengi wetu tulikuwa tumelea kwa kopo. Angesimama mmoja tu akasema *mimi*, yangekwisha. Lakini desturi ilitufunga mdomo. Ukisema umechota, umekiri ulikuwa na njaa, na umewaonyesha wote waliochota, maana watu wataanza kuhesabu ni nani alizaa mwaka gani na mume wake alikuwa wapi. Yule wa kichanga alianza kukipigapiga mgongo wakati hakilii. Tulitazama chini kama tunavyotazama maji. Tulifanya kile tulichofanya miaka yote kumstahi mtu, na safari hii kikamla aliyetustahi.

Fundi naye angeweza kutaja. Mimi nilikuwa mbele yake, hatua nne. Alinitazama, akatazama karatasi iliyo mkononi mwa mwenyekiti, nikajua ameutambua mwandiko, maana mimi ndiye niliyekuwa naandika mabango yake yote pale kinuni. Halafu akageuka. Mbele ya mkutano mzima alitupa mgongo, akakaa hivyo. Akakohoa mara mbili. Akageuka tena.

"Nimechukua mimi," akasema. "Nilikuwa nakula mimi. Andikeni hivyo."

"Mwizi wa unga!" kijana mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, mmoja wa wale wa mashine ya barabarani, na watu wakacheka. Fundi alikwenda kinuni kuchukua fimbo yake, akatundika koti na kofia kwenye msumari kama mtu atakayerudi kesho. Hakurudi. Mwezi uliofuata nilivaa sare ya mapokezi.

*

Nilimfuata Jumatatu baada ya ile Jumamosi ya sanamu. Kazi sikuwa nayo tena, muda nilikuwa nao. Alikuwa Kizota, huko Dodoma mjini, kwa binti wa dada yake, kwenye nyumba iliyo nyuma ya karakana za kuchomelea mageti. Nilikwenda na Zawadi, na koti ndani ya mfuko wa rambo.

Mpwa wake ndiye aliyetupokea. Mama wa makamo, ana haraka, vitunguu mkononi. Nilipojitambulisha nimetoka kule kinuni akanipima juu mpaka chini.

"Mmemfanya nini mjomba wangu nyie watu? Ndugu yake kazikwa kule mwezi uliopita, kasafiri mpaka kule, kakaa barabarani kwenye jua. Msibani hakuingia. Anasema hawezi kupita pale dukani wakamwita lile jina. Ana nyumba yake kule, ana migomba yake, kila siku anataka kurudi na kila siku harudi. Haya, yupo pale mashineni."

Nyumba ya tatu kulikuwa na mashine ya kusaga ya umeme, na nje ya mlango, juu ya ndoo iliyogeuzwa, Fundi. Alikuwa amepungua. Shati lilikuwa la mtu mwingine. Alikuwa na ufagio, anafagia unga unaomwagika mlangoni, na kila mashine inapoanza kunguruma anafumba macho kama mtu anayeumwa jino.

Zawadi akaniachia mkono. Akamwendea polepole, akasimama mbali kidogo, hana hakika. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mkokoteni."

Zawadi akanigeukia, uso wote umefunguka. "Mama! Leo ameitika!"

Nikatoa koti. Alilipokea, akapapasa mfuko, akaikuta nyundo, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Nani amelivaa?"

"Sanamu, Fundi."

"Sanamu." Akafikiri. "Ilikuwa inafanya kazi kuliko mimi?"

"Haikuwa inafanya kitu."

"Basi wamepata mtu anayefaa."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, kitu kibaya sana mbele za watu. Kisha nikapiga magoti, nikamwambia. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani, nikayasahau yote. "Fundi, ile karatasi niliandika mimi. Na mimi ndiye niliyekuwa nachota, huyu mtoto unayemwona—"

"Sikijui unachosema."

"Unakijua. Miezi mitano, Fundi, ulikuwa unanipa—"

"Dereva." Alisema kwa ukali, ule wa zamani, mpaka mwenye mashine akachungulia. "Mimi na wewe hatujawahi kuzungumza habari za unga. Hatutaanzia Kizota."

"Watu wanakuita mwizi."

"Wananiita mimi. Hawamwiti mwingine."

"Nimekuja kuomba msamaha."

Akainuka, akaegemea ufagio. Akageuka. Alinipa mgongo, akaanza kukwaruza ukuta wa ile nyumba kwa ukucha, pale kwenye rangi inayobanduka. Nilikaa pale chini na magoti yangu kwenye unga wa moto wa mashine, nikaelewa kwamba hawezi kunisamehe, kwa sababu ili anisamehe ni lazima akiri aliniona. Na hakuniona. Alikuwa amekula kiapo na ukuta miaka yote hiyo, na hatakivunja kwa ajili ya machozi yangu.

Akakohoa mara mbili.

"Bado upo?" akasema alipogeuka. "Mtoto ana kiu. Mpeleke kwa mpwa wangu ampe maji. Na nyundo umeileta inaanza kushika kutu, hukupaka hata mafuta."

Tulipoondoka alikuwa amevaa koti, Kizota, mchana, kwenye lile joto.

*

Niliwapitia wenzangu wa jikoni mmoja mmoja. Hakuna aliyetaka kuandika jina lake kwenye barua niliyotaka kuipeleka kata. Yule wa kichanga alinishika mkono akasema, "Mwenzangu, mimi nina mume." Sikumlaumu. Desturi ni yao wote. Ninayo haki ya kuivunja ile sehemu yangu peke yake.

Mtendaji wa kata aliisoma barua yangu mara mbili. "Dada, hapa kwenye mlalamikiwa wa pili umekosea. Umeweka jina lako."

"Sijakosea."

"Mtu hajilalamikii mwenyewe."

"Kaka, wewe gonga mhuri kwamba umepokea. Mengine yaulizwe mkutanoni."

Alinitazama. Akagonga. Barua ndiyo hii, majina nimeyaondoa.

*

Kwa Mtendaji wa Kata.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAELEZO YA UONGO YALIYOMWONDOA FUNDI WA KINU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa kata hii, mama wa mtoto mmoja, aliyekuwa mfanyakazi wa loji ya kinu. Nawalalamikia wafuatao: kwanza, uongozi wa loji, kwa kumwondoa fundi bila kuuliza kijiji desturi ya kinu, na kwa kuvalisha sanamu nguo zake. Pili, mimi mwenyewe, kwa kuandika maelezo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa kijiji.

Katika maelezo hayo niliandika kwamba unga ulichukuliwa "kwa matumizi yasiyojulikana". Huo ni uongo. Matumizi yalijulikana. Unga uliwekwa kwa ajili ya mwanamke aliyejifungua na hana chakula. Fundi hakula unga huo. Alikiri kosa asilolifanya ili asitaje mtu.

Nathibitisha haya kwa sababu mimi nilichota unga huo kwa miezi mitano nilipomzaa binti yangu, na ndio uliotuweka hai. Kuhusu mwingine yeyote sijaona na sijui, na naomba asiulizwe mtu.

Naomba yafuatayo: maelezo yangu yafutwe, barua hii isomwe kwenye mkutano wa kijiji, mahali pale pale na kwa sauti ile ile, sanamu iondolewe, kopo lirudishwe kwenye ukingo wa nyuma na lisiguswe, na apelekwe mjumbe Kizota kumwambia fundi kwamba njia ya kupita dukani iko wazi.

Siku barua hii itakaposomwa nitasimama mbele, mahali aliposimama yeye. Naomba wananchi wasinigeuzie mgongo. Safari hii nataka nionekane.

Mlalamikaji, na mlalamikiwa wa pili,

(sahihi)